Poka ya Mashindano: Namna ya Kufikiri Kabla Hujagusa Chipu

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nilikuwa na A na K, nikaweka chipu zangu zote, mwenzangu akafuata na jozi ya 9, nikatolewa. Nilikosea?" Nami huuliza mambo matatu. Ulikuwa na chipu za blaindi ngapi, yaani mara ngapi ya dau la lazima linalowekwa kabla karata hazijagawiwa? Kitita kilikuwa kiasi gani? Walibaki watu wangapi kabla ya zawadi kuanza kulipwa? Karibu kila mara muulizaji hakumbuki hata moja. Anazikumbuka karata zake mbili na karata iliyomtoa.

Kosa liko hapo, wala si kwenye A na K. Aliamua kwa kutazama karata mbili alizoshika, wakati hizo ni sehemu ndogo tu ya hesabu. Mwongozo huu ni wa Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, poka ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri na tano hufunguliwa mezani kwa wote, na unafuata duru moja tangu mwanzo hadi mwisho. Usiruke hatua. Kila moja inategemea namba iliyopatikana katika iliyotangulia.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu. Utaandika duru baada ya kuicheza, kabla kumbukumbu haijaanza kukupendelea.
- Kikokotoo cha kawaida cha simu.
- Programu ya kukokotoa nafasi ya kushinda. Zipo za bure. Onyo: ni ya kujifunzia baada ya mchezo. Kuifungua duru ikiendelea ni udanganyifu.
- Jedwali la zawadi za mashindano unayocheza. Lisome kabla ya kukaa mezani.
- Kiingilio ambacho hata kikipotea chote maisha yako hayatatikisika. Anayecheza na pesa anayoihitaji kwa jambo jingine hupiga hesabu za woga, na hesabu hizo hazisahihishwi na mwongozo wowote.

## Maneno tutakayotumia

A ni ree, K mfalme, Q malkia, J ghulamu. Rangi ni kopa, shupaza, uru na pau. Kitita ni chipu zote zilizokwisha kuwekwa katikati ya meza. Rundo ni chipu zilizobaki mbele yako. Kupisha ni kubaki mchezoni bila kuweka dau, kufuata ni kulipa dau la mwenzako, kupandisha ni kuliongeza, kutupa ni kuziachia karata. Mkwara ni dau la karata dhaifu linalotaka mwenzako akimbie. Flopu ni karata tatu za kwanza mezani. Baada yake huja karata ya nne, kisha ya mwisho.

## Hatua ya 1: Geuza chipu kuwa blaindi

Chipu 31,000 ni nyingi au chache? Huwezi kujibu mpaka ujue blaindi. Zikiwa 500 (blaindi ndogo) na 1,000 (blaindi kubwa), una blaindi kubwa 31, na unaweza kuona flopu kisha ukaamua. Zikipanda hadi 1,500 na 3,000, rundo lilelile ni la blaindi 10 tu na mchezo umebadilika kabisa. Ndiyo maana mashindano hayafanani na meza ya pesa taslimu: hapa blaindi hupanda kwa saa, ukishinda usishinde.

Mgawanyo ninaoutumia mimi ni huu:

- Zaidi ya 40: una nafasi ya kucheza hatua zote za duru.
- Kati ya 20 na 40: ukikosea mara moja kwenye karata ya nne, rundo limeisha.
- Kati ya 10 na 20: ukipandisha, uwe umeshaamua utafanya nini mwenzako akikujibu kwa kuweka zote.
- Chini ya 10: mara nyingi uamuzi ni mmoja, kuweka zote au kutupa.

Kisha tazama rundo la mpinzani. Linalohesabika kati yenu ni lile dogo. Ukiwa na 31 naye ana 12, nyote mnacheza duru ya blaindi 12.

Umefaulu ikiwa: unaweza kutaja rundo lako na la mpinzani kwa blaindi bila kusita, kabla karata hazijagawiwa.

## Duru yetu

Blaindi ni 500 na 1,000, na mwenye blaindi kubwa analipa pia ante ya 1,000, mchango wa lazima kwenye kitita, kwa niaba ya meza nzima. Mwenye blaindi kubwa ni wewe, umeanza na 31,000. Umeshika Q na J za kopa. Wote wanatupa hadi kwa aliyekaa kiti cha mgawaji, mwenye 42,000, ambaye anapandisha hadi 2,000. Blaindi ndogo inatupa. Zamu yako.

## Hatua ya 2: Tafuta bei kwanza, ndipo utazame karata

Kitita kina 500 ya blaindi ndogo, 1,000 yako, 1,000 ya ante na 2,000 za mpinzani. Jumla 4,500. Kufuata kunakugharimu 1,000 zaidi.

Kanuni ni moja: *unacholipa, gawa kwa kitita kitakavyokuwa baada ya wewe kulipa.* Hapa ni 1,000 kwa 5,500, yaani asilimia 18.2. Ukiweza kujipatia zaidi ya kiwango hicho cha kitita kwa wastani, kufuata kunalipa. Q na J za rangi moja zinaweza, hata ukilazimika kutangulia kuamua katika kila hatua inayofuata. Unafuata. Kitita ni 5,500, nawe umebaki na 28,000.

Wengi hugawa kwa kitita kilivyo kabla hawajalipa, wakapata bei ghali kuliko ilivyo, wakatupa karata nzuri. Malipo yako nayo yanaingia katikati, kwa hiyo yahesabu.

Kariri bei hizi nne na hutahitaji kikokotoo mezani. Akiweka theluthi ya kitita, unahitaji asilimia 20. Nusu, 25. Theluthi mbili, karibu 29. Kitita kizima, 33.

Umefaulu ikiwa: namba ya bei inakuja kichwani kabla ya hisia ya "karata zangu ni nzuri" au "huyu ananionea".

## Hatua ya 3: Mpe mpinzani wigo, usimpe karata mbili

Flopu inafunguka: K ya kopa, 8 ya kopa, 3 ya pau. Unapisha. Mpinzani anaweka 1,800.

Hapa ndipo wachezaji hupotea. Wanasema "ana K", au "ananipiga mkwara", kisha wanacheza kana kwamba wameziona karata zake. Hukuziona. Ulichonacho ni wigo: karata zote ambazo mtu wa kiti kile, mwenye rundo lile, angezicheza hivi tangu mwanzo.

Wigo unajengwa kwa kupunguza. Aliyekaa kiti cha mgawaji hupandisha kwa karata nyingi, kwa sababu wamebaki wawili tu wa kuwashinda. Kwenye flopu yenye K, dau dogo la theluthi huwekwa na karibu wigo wote huo: wenye K, wenye jozi ndogo, hata wasio na kitu. Kwa hiyo dau hili halijakuambia mengi, na usilazimishe likuambie.

Bei: kitita kimekuwa 7,300, unalipa 1,800, kitafika 9,100. Unahitaji asilimia 19.8.

## Hatua ya 4: Hesabu karata za msaada, na uzichuje

Una kopa nne, mbili mkononi na mbili mezani; ikija ya tano unapata flashi, yaani karata tano za rangi moja. Kopa zilizobaki, ndizo karata zako za msaada, ni 9 kati ya karata 47 usizoziona. Kwa karata moja inayofuata hiyo ni asilimia 19.1, kwa karata mbili, yaani hadi mwisho, ni karibu 35.

Njia ya haraka: zidisha karata za msaada kwa 2 ikiwa unasubiri karata moja, kwa 4 ikiwa una hakika ya kuziona zote mbili. Tisa mara mbili ni 18, tisa mara nne ni 36. Inatosha kwa mezani.

Onyo: zidisha kwa 4 pale tu ambapo hutatozwa tena katikati, kwa mfano mmoja wenu ameshaweka zote. Nimeona watu wakifuata dau kubwa kwa kujiambia "nina asilimia 35", kumbe watatozwa tena kwenye karata ya nne.

Kuchuja ni hivi: Q nyingine au J nyingine ikija, umepata jozi, lakini bado uko chini ya jozi ya K. Usizihesabu kama karata kamili za msaada. Kopa nazo si salama zote, kwani mwenye A ya kopa na kopa nyingine atakupita mkiwa mmepata flashi wote wawili.

Kwenye flopu tuna 19.1 dhidi ya bei ya 19.8, na kuna chipu zaidi za kushinda flashi ikitimia. Kufuata ni sawa. Kupandisha pia kuna hoja, na ukitaka kuzipigania karata hizi kwa nguvu, flopu ndipo pake: bado una karata mbili za kusubiri. Ikipita moja, nusu ya nguvu yako imekwenda nayo. Tuseme umefuata. Kitita ni 9,100, umebaki na 26,200.

## Hatua ya 5: Weka njia zote mezani, kila moja na namba yake

Karata ya nne ni 4 ya shupaza. Haijakusaidia. Unapisha, mpinzani anaweka 6,000.

Kaa hapa kwa muda. Duru nyingi ninazoletewa ziliharibika katika karata ya nne, dau linapokua ghafla na mchezaji akajibu kwa kasi ileile ya flopu.

Njia ya kwanza: kufuata. Kitita ni 15,100, unalipa 6,000, kitafika 21,100. Bei ni asilimia 28.4. Nafasi yako ya kopa sasa ni 9 kati ya 46, yaani 19.6. Haitoshi yenyewe. Lakini kopa ikija unaweza kushinda zaidi, kwa hiyo uliza: zaidi ya kiasi gani? Utakosa mara 37 na kupata mara 9. Mara 37 za kupoteza 6,000 ni 222,000. Ukigawa kwa 9 unapata karibu 24,700. Kitita kinakupa 15,100. Zilizobaki, kama 9,600, lazima zitoke kwake kwenye karata ya mwisho, kwa wastani, *kila* kopa inapokuja.

Atalipa kiasi hicho? Hiyo ni karibu nusu ya kitita, mezani pana kopa tatu zinazoonekana na kila mtu, nawe ndiye unayetangulia kuamua. Wenye K watapisha mara nyingi wakiiona kopa ya tatu. Nami siamini kwamba wastani huo utafikiwa.

Njia ya pili: kuweka zote. Unasukuma 26,200, naye atahitaji kuongeza 20,200. Akitupa, unachukua 15,100. Akifuata na jozi ya K, una nafasi ya asilimia 20 hivi. Hesabu yake: mara 20 katika 100 unapata 35,300 (kitita pamoja na nyongeza yake), mara 80 unapoteza 26,200. Wastani ni hasara ya 13,900 kila anapofuata. Ili njia hii isikutie hasara, 13,900 gawa kwa 29,000, yaani 13,900 jumlisha 15,100. Anatakiwa atupe karibu mara 48 katika 100.

Sasa wigo unaanza kutumika kwa namba. Kila jozi mkononi ina michanganyiko 6, na karata mbili tofauti zina 16. Karata zinazoonekana hupunguza idadi hizo. K zilizobaki ni tatu:

- A na K: 4 mara 3, ni 12.
- K na Q: Q moja unayo wewe, basi 3 mara 3, ni 9.
- K na J: 9 vilevile.
- K na 10: 12.
- Jozi ya A: 6.
- Jozi ya K, ya 8 au ya 3, inayotimiza tatu za aina moja na karata ya mezani: 3 kwa kila moja, jumla 9.

Hizo ni 57, na kati yake labda K na 10 tu ndizo zitatishika. Za mkwara ni zipi? A ya kopa na kopa nyingine: michanganyiko 8. Kopa zinazokaribiana kama 10 na 9 au 7 na 6: tuseme 4. Kisha 6 na 5, 7 na 6, A na 5, A na 2 za rangi moja zisizo kopa: 3 kila moja, jumla 12. Zote 24, tena tukikubali kwamba huzicheza hivi kila mara. Akitupa hizo 24 pamoja na 12 za K na 10, ametupa 36 kati ya 81, yaani asilimia 44. Haifiki 48.

Tazama pia jambo ambalo wengi hawalioni: kopa mbili ulizoshika ni kopa ambazo *yeye* hana. Karata zako zimempunguzia mikwara, kwa hiyo dau lake ni la kweli zaidi kuliko ungedhani.

Njia ya tatu: kutupa. Gharama yake kuanzia sasa ni sifuri. Ulizokwisha kuweka si zako tena, ni za kitita. Hapa mimi natupa, nikiwa na 26,200, na sisikitiki.

Badilisha kitu kimoja uone hesabu inavyogeuka. Angeweka 3,000 badala ya 6,000, bei ingekuwa 3,000 kwa 15,100, asilimia 19.9, na ungefuata bila wasiwasi. Karata zilezile, meza ileile, uamuzi tofauti.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema kwa nini umeziacha njia mbili, siyo tu kwa nini umeichagua moja.

## Hatua ya 6: Ukiwa wewe ndiye unayeweka dau

Kabla ya kusukuma chipu, taja karata mbaya kuliko zako zitakazofuata, au karata bora kuliko zako zitakazotupwa. Ukikosa vyote viwili, pisha. Dau lisilo na jibu hapa kwa kawaida hufuatwa na wanaokushinda tu.

Kwa mkwara, gharama gawa kwa gharama jumlisha kitita. Mkwara wa nusu ya kitita unatakiwa ufanikiwe mara 33 katika 100. Wa kitita kizima, mara 50. Na ueleze hadithi moja: ukidai una flashi kwenye karata ya mwisho, je, ulicheza hatua za nyuma kama mwenye kusubiri flashi? Mpinzani makini huisoma duru yote.

Rundo likiwa la blaindi 10, mambo ni mepesi. Kwa blaindi na ante za mfano wetu, mezani pana blaindi 2.5 kabla mtu hajacheza. Ukiweka zote na wote wakatupa, rundo lako limekua kwa robo bila karata hata moja kufunuliwa. Ndiyo sababu kusubiri jozi kubwa hadi ufike blaindi 4 ni kosa: hapo hata ukiweka zote hakuna wa kutishika.

## Hatua ya 7: Pitisha uamuzi kwenye jedwali la zawadi

Chipu si pesa. Ukizipata mara mbili, thamani yako haiongezeki mara mbili. Hesabu inayotumika huitwa ICM, njia ya kugeuza chipu kuwa thamani ya zawadi, na mfano mmoja unatosha kuionyesha.

Mmebaki watatu, kila mmoja ana 5,000. Zawadi ni 50, 30 na 20. Kila mmoja ana thamani ya 33.3. Mwenzako anaweka zote. Ukifuata na kushindwa, unachukua 20: umepoteza 13.3. Ukishinda, una 10,000 dhidi ya 5,000. Nafasi yako ya kwanza ni theluthi mbili, na thamani yako ni 43.3: umepata 10. Unahatarisha 13.3 ili upate 10, hivyo unahitaji asilimia 57, si 50.

Rudi sasa kwa yule mwenye A na K. Dhidi ya jozi ya 9 alikuwa na karibu asilimia 45. Akiwa na blaindi 12, mapema, yeye ndiye aliyeweka zote na kuna chipu za kuiba mezani, alicheza vizuri na bahati ikamkataa. Kama alikuwa akifuata dau la mtu asiyeweka zote ila kwa jozi, wakiwa watatu kama hapo juu, alikosea, hata angeshinda.

Onyo: shinikizo hili huwa kali zaidi mkiwa karibu na mstari wa kuanza kulipwa zawadi, hasa ukiwa na rundo la wastani na kuna wenye blaindi mbili tatu kwenye meza nyingine. Wenye rundo kubwa wanalijua hilo na watakusukuma. Unapofuata, punguza wigo. Unapokuwa wewe wa kwanza kuweka zote, huna haja ya kuupunguza kiasi hicho, kwa sababu wao pia wanaogopa kufuata.

## Hatua ya 8: Andika, kisha kagua kesho yake

Andika duru tatu tu kwa kila mashindano, na zisiwe zile ulizopoteza peke yake. Weka marundo yote kwa blaindi, viti, kitita katika kila hatua, kiasi cha kila dau, wigo uliompa mpinzani *wakati ule*, na namba ya bei. Matokeo yaandike mwisho, ukurasa wa nyuma.

Kesho yake ingiza wigo huo kwenye programu. Tofauti ya pointi mbili au tatu kati ya makadirio yako na programu ni ya kawaida. Ikifika kumi, tafuta chanzo. Mara nyingi utakuta hesabu ilikuwa sahihi lakini wigo ulikuwa mwembamba mno: ulimpa mpinzani karata uliyoiogopa, ukazisahau nyingine ishirini ambazo angezicheza vilevile.

Duru ya Q na J za kopa ikiwa kwenye daftari lako, mstari wa mwisho unasomeka hivi: "Karata ya nne, bei 28.4, kopa 19.6, zinahitajika 9,600 zaidi, kuweka zote kunahitaji 48 nikakadiria 44, nimetupa." Aliyeandika mstari huo hana haja ya kuniuliza kama alikosea.